Kimya Kingi Kina Mshindo: Uigizaji wa Candace Hilligoss

Katika kuhukumu kazi za watu, liko kosa moja ambalo hurudiwa kila siku. Tunapoulizwa kama mwigizaji fulani ni hodari, hatujibu kwa kuitazama kazi yake, bali twajibu kwa kulikumbuka jina lake. Jina likiwa kubwa, twasema kazi ni kubwa. Jina likiwa dogo, hata kazi hatuitazami. Kipimo hiki ni chepesi, na ndiyo sababu hupendwa. Lakini si kipimo cha haki. Jina hukuzwa na fedha, na matangazo, na bahati. Ubora wa kazi hutoka katika kazi yenyewe.

Msomaji mpenzi, nataka leo tuipime kazi ya mwanamke mmoja ambaye yamkini hujapata kumsikia. Yeye ni Candace Hilligoss, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1935 katika mji wa Huron, jimbo la South Dakota. Alijifunza uigizaji mjini New York kwa Lee Strasberg, mwalimu mashuhuri aliyewafundisha wanafunzi wake kuchota hisia kutoka ndani ya maisha yao wenyewe na kuzileta jukwaani. Filamu zake zinazokumbukwa ni mbili tu. Zote mbili ni za kutisha, na zote mbili zilitengenezwa kwa fedha kidogo. Katika ya kwanza, nitajaribu kuonyesha, alifanya jambo gumu ambalo waigizaji wengi wenye majina makubwa hawakupata kulijaribu: aliigiza mtu asiyekuwamo.

Filamu hiyo ni Carnival of Souls, yaani Sherehe ya Roho, iliyotoka mwaka 1962. Aliyeiongoza ni Herk Harvey, na kazi yake ya kila siku haikuwa kutisha watu. Alikuwa ameajiriwa katika kampuni moja ya mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, iliyotengeneza filamu za kufundishia shuleni na viwandani. Siku moja, akisafiri kwa gari kutoka California, aliona kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, katika jimbo la Utah, jumba kubwa la starehe lililoachwa ukiwa. Jumba hilo liliitwa Saltair. La kwanza lilijengwa mwaka 1893, na baada ya hilo kuungua likajengwa jingine, ambalo kwa miaka mingi watu walilijia kucheza dansi na kuoga ziwani. Harvey alipoliona, dansi ilikuwa imekwisha, maji yamerudi nyuma, na nguzo zimesimama peke yake juu ya chumvi. Alimwendea mwenzake wa kazini, John Clifford, akamwomba amwandikie hadithi ambayo mwisho wake ungekuwa na wafu wakicheza dansi ndani ya jumba lile. Wakachanga fedha kwa watu wa mji wao, dola 33,000 hivi, ambazo kwa filamu ndefu ya Marekani zilikuwa kama tone baharini. Wakapiga picha kwa muda wa majuma matatu hivi. Harvey hakuongoza filamu nyingine ndefu ya hadithi maishani mwake.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana aitwaye Mary Henry amepanda gari pamoja na wenzake wawili. Vijana wa gari jingine wanawachokoza washindane mbio. Darajani, gari la wasichana linatumbukia mtoni. Watu wanalitafuta kwa saa kadhaa bila kulipata. Kisha, wakati wote wamekata tamaa, Mary anatoka majini peke yake, ametapakaa tope, wala hakumbuki ameokoka vipi. Mara baadaye anakwenda Utah, ambako amepata kazi ya kupiga kinanda kanisani. Njiani usiku anauona uso wa mtu mweupe kama chaki ukimtazama kupitia kioo cha gari. Tangu hapo mtu huyo hamwachi, na lile jumba la ziwani linamvuta kama sumaku.

Sitauficha mwisho, kwa maana uhakiki hauwezi kufanywa kwa kuuma maneno. Mary anakwenda jumbani, anawakuta wafu wakicheza dansi, na miongoni mwao anajiona mwenyewe. Anakimbia, wanamfukuza, anaanguka mchangani. Kesho yake watu wanazifuata nyayo zake, na nyayo zinakoma ghafula pasipo kitu. Kule Kansas, gari linavutwa kutoka mtoni. Ndani yake mna maiti za wasichana wote watatu, na Mary ni mmojawapo.

Sasa, ukiisha kuujua mwisho huo, rudi ukamtazame mwigizaji tangu mwanzo, nawe utaiona kazi aliyopewa. Hilligoss hakuambiwa aigize mtu anayeogopa. Kuogopa ni rahisi: hutoa macho, hupiga ukelele, hutetemeka. Aliambiwa aigize mtu ambaye amekufa lakini hajijui kuwa amekufa, tena mbele ya watazamaji ambao nao hawajui. Akizidisha ubaridi, siri itafichuka mapema. Akipunguza, mwisho utakuwa uongo. Inampasa kupita kati ya mambo hayo mawili kwa muda wa zaidi ya saa moja, na karibu katika kila picha ni yeye tunayemtazama.

Angalia jinsi anavyofanya. Anapozungumza na watu, macho yake hukawia kidogo kuwafikia, kana kwamba ameitwa kutoka mbali. Hutabasamu, lakini tabasamu huja midomoni peke yake. Anapotembea, mwili wake umenyooka na hatua zake ni za haraka, mithili ya mtu aliyechelewa mahali ambapo hapajui. Mtazamaji wa mara ya kwanza atasema, huyu ni msichana mwenye maringo. Mtazamaji wa mara ya pili atashtuka, kwa maana ataona kwamba ishara zile zile alizozidhania maringo zilikuwa ishara za maiti.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuona jambo ambalo limo katika kiini cha filamu. Mwanzoni Mary yuko katika karakana ya vinanda, na msimamizi wake anamshauri atie roho katika upigaji wake, kwani ufundi wa vidole hautoshi. Yeye anajibu kwamba kwake ile ni kazi tu kama kazi nyingine. Kanisani pia mchungaji anatazamia kwamba mpiga kinanda awe na moyo katika ibada. Kila anakokwenda anadaiwa kitu kile kile: roho. Sisi tunaposema kwamba fulani amekata roho, tuna maana gani? Wanaomlaumu Mary kwamba anafanya kazi bila roho hawajui kuwa roho yenyewe ilikatika chini ya daraja. Lawama yao ni ya kweli kuliko wanavyodhani, na kwa hiyo ni ya kikatili kuliko wanavyokusudia.

Kuna sehemu mbili ambazo ningependa kila kijana anayejifunza uigizaji azitazame kwa makini.

Ya kwanza ni ya dukani. Mary amekwenda kununua nguo. Yumo katika chumba cha kujaribia, na ghafula picha inatikisika kama uso wa maji, na sauti zote zinakoma. Anatoka, anamsemesha mwuzaji. Mwuzaji hamsikii wala hamwoni. Anatoka njiani, magari yanapita, watu wanapita, mafundi wanavunja barabara kwa mashine, lakini hakuna sauti. Fikiri, msomaji, jinsi hila hii ilivyo ya gharama ndogo. Haikutaka mashine ya ajabu wala jengo la bandia. Ilitaka sauti iondolewe na uso mmoja uachwe uubebe ukimya. Uso huo haukushindwa. Mary hapigi kelele mara moja. Kwanza anaona haya, kama mtu aliyepuuzwa mbele za watu, kisha anashangaa, na hofu huja ya mwisho. Utaratibu huo ni sahihi. Mtu mzima akipuuzwa dukani hadhani mara moja kwamba amekufa, hudhani amedharauliwa. Kisha Mary anafika bustanini, anauegemea mti, na ndege anaanza kuimba. Ulimwengu umerudi. Yatazame mabega ya Hilligoss wakati huo, yanavyoshuka taratibu. Hana neno hata moja la kusema, na hahitaji neno.

Sehemu ya pili ni ya kinanda. Mary yuko peke yake kanisani akijizoeza. Muziki unaanza kwa utulivu wa ibada, kisha unapotoka kidogo kidogo, hata unakuwa muziki wa maonyesho na dansi. Mikono yake inateleza juu ya kinanda kana kwamba ni mali ya mtu mwingine, na macho yake yanatazama mahali ambapo sisi tunaonyeshwa wafu wakiinuka majini. Kwa mara ya kwanza katika filamu uso wake una uhai, tena uhai mwingi. Hilo ndilo jambo la kutisha. Watu wote walimwomba atie roho katika muziki, na sasa ametia. Ila roho hiyo si ya upande wao. Mchungaji anamshika mikono, anaushutumu muziki ule kuwa ni kufuru, na papo hapo anamwachisha kazi.

Sitaki udhani kwamba naisifu filamu hii pasipo kuziona kasoro zake. Kasoro zipo, tena za wazi. Mara nyingi midomo ya waigizaji na maneno yao havipatani, kwa sababu sauti ziliongezwa baadaye. Baadhi ya waigizaji wadogo wanasema maneno yao kama watoto wanaosoma ubaoni. Daktari anayejaribu kumsaidia Mary ananena maneno mengi ya kueleza kile ambacho picha zimekwisha kukieleza vizuri zaidi. Na yule jirani yake wa chumba cha pili, John Linden, aliyeigizwa kwa ustadi na Sidney Berger, anapewa nafasi ndefu kupita haja ya hadithi.

Nilipowaonyesha filamu hii wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, walicheka mara tatu katika robo saa ya kwanza, na sikuwalaumu. Lakini ilipofika sehemu ya dukani, hakuna aliyecheka. Baada ya filamu palizuka hoja kali, nami naileta hapa kwa sababu ndiyo hoja kuu ya uhakiki huu. Nusu ya darasa walisema kwamba Mary aliyataka mwenyewe. Hakuwapenda watu. Alipiga kinanda cha Mungu kwa ajili ya mshahara. Alimkataa mchungaji aliyetaka kumjulisha kwa waumini, akamdharau jirani, akamchoka mwenye nyumba. Mtu asiyetaka watu, walisema, mwisho wake ni kukosa watu.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na filamu yenyewe yaipa nguvu. Mambo yamepangwa hivi kwamba kila Mary anapomkataa mtu, hatua moja inapungua kati yake na wafu. Ikiwa tutaisoma hadithi kwa maandishi yake tu, tunaweza kuifanya mahubiri: mwanamke anayeishi peke yake, anayeendesha gari lake peke yake, anayelipwa kwa kazi yake na asiyetaka mume wala usharika, ameadhibiwa. Mahubiri ya namna hiyo tumeyasikia sana, wala si Marekani peke yake.

Lakini hadithi ya sinema haisomwi kwa maandishi tu. Husomwa kwa uso wa aliyeiigiza. Na uso wa Hilligoss unayakataa mahubiri hayo. Kumbuka usiku ule Mary anapotoka matembezini na Linden. Mwanamume huyo ni mlevi kidogo na tamaa zake hazina siri. Mary hampendi. Walakini anapofika mlangoni anamsihi asimwache peke yake, kwa maana anaogopa. Mwigizaji dhaifu angaliigiza hapo majuto, kama mwenye kiburi aliyenyenyekezwa. Hilligoss haigizi majuto. Anaigiza mahitaji matupu: mtu anayezama, anayeshika chochote kinachoelea, hata kikiwa kichafu. Na Linden anapoona kwamba hofu yake ni ya kweli, anamdhani mwenda wazimu, anajiondokea. Sasa tuulize tena: ni nani aliyemkataa mwenziwe? Mchungaji alimfukuza saa alipomhitaji. Linden alimkimbia. Daktari alimweleza habari za akili yake, lakini hakumwokoa. Watu hawa walitaka Mary awe nao katika saa yao ya raha; katika saa yake ya dhiki hawakuonekana. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo mimi naona kwamba filamu hii haihusu adhabu ya kiburi. Yahusu upweke ambao watu huuita kiburi ili wasilazimike kuusaidia. Na maana hiyo haikuwekwa na mwandishi peke yake, wala na mwongozaji peke yake. Iliwekwa na mwigizaji, kwa mashavu, na macho, na mabega yake. Huo ndio uhodari ninaoutetea.

Huenda mtu akasema: labda hakuwa hodari, labda alikuwa mkavu kwa tabia, na mwongozaji akautumia ukavu wake. Jibu langu ni kwamba ukavu wa tabia haubadiliki, ilhali ubaridi wa Mary Henry una daraja zake. Dukani ni wa mtu aliyetahayari. Kwenye kinanda unayeyuka kabisa. Mlangoni kwa Linden unavunjika. Na mwisho, anapojiona akicheza dansi na yule mtu mweupe, anaigiza viumbe wawili kwa wakati mmoja: anayetazama kwa hofu, na anayetazamwa, ambaye uso wake umechangamka kwa furaha ya kutisha. Asiyejua kazi hawezi kuzigawa hisia namna hiyo.

Filamu yake ya pili ni The Curse of the Living Corpse, iliyotoka mwaka 1964. Yasimulia habari za tajiri aliyeogopa kuzikwa hai, na jamaa zake wanaouawa mmoja mmoja. Humo Hilligoss ni mmoja kati ya wengi, na hofu hutoka katika mauaji kuliko katika nyuso. Hakuna aliyemwomba anyamaze, basi kipawa chake hakikupata mahali pa kusimama. Lakini tazama mambo ya bahati: katika filamu hiyo hiyo alianza kijana aitwaye Roy Scheider, ambaye mwaka 1975 alikuwa mkuu wa polisi katika Jaws, filamu iliyotazamwa dunia nzima. Wawili walipita mlango mmoja. Mmoja akafika mjini, mwingine akabaki njiani.

Wala Carnival of Souls yenyewe haikubebwa na bahati. Ilipotoka, ilionyeshwa kama nyongeza pamoja na filamu nyingine ya bei nafuu, na wenye kuitengeneza hawakupata faida. Hata haki ya kunakili ilipotea Marekani kwa kukosa tangazo lake. Lakini hasara hiyo iligeuka kuwa mbegu. Kwa kuwa haikuwa na mwenyewe, stesheni za televisheni ziliionyesha bure usiku wa manane, na vijana waliokosa usingizi wakaikuta, wakaambiana. Wahakiki wengi huihesabu miongoni mwa filamu zilizomtangulia George Romero na wafu wake wa Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Mwaka 1989 ilirudishwa katika majumba ya sinema ya Marekani, miaka 27 baada ya kutoka. Jumba la Saltair lililoizaa lilikuwa limekwisha kuteketea kwa moto mwaka 1970. Jengo lilikwenda, uso ulibaki.

Msomaji, hukumu ni yako. Ukiipata filamu hii, itazame mara mbili: mara moja kwa ajili ya hadithi, na mara moja kwa ajili ya yule mwanamke. Cheka palipo na kichekesho, kwa maana uhakiki si kuficha kasoro. Lakini ukifika dukani, sauti zikizimika na yeye akasimama mbele ya mwuzaji asiyemwona, usiulize jina lake ni kubwa kiasi gani. Jiulize ni mara ngapi nawe umepita mbele ya mtu akinena, usimsikie. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayetaka kuusikia sharti anyamaze kwanza.